Sura ya Tano: Namba Iliyo Ndani ya Igisoro

Bao la igisoro, mchezo wa Rwanda, lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na mbegu 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake. Mswahili aliyekulia barazani atalitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa bao letu: mashimo ni yale yale na kete ni zile zile 64. Waganda nao wana omweso wao, wenye hesabu hiyo hiyo. Tofauti ziko kwenye sheria. Katika bao la kiswahili mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na awamu nzima ya kwanza, namua, ni ya kuziingiza moja moja. Igisoro haina namua. Mbegu zote zimo mashimoni tangu mwanzo, na ukila za mpinzani huziweki kando, unazisambaza upande wako. Mchezo unaanza na mbegu 64 na unakwisha na mbegu 64.

Kigali mabao haya yanauzwa kwa watalii kwenye maduka ya vinyago, yakiwa yamepigwa msasa na kung'arishwa. Sura hii haiwahusu watalii. Mtu akitaka kuifuata kwa mikono, atafute bao linalochezewa, aende nalo Biryogo pale Nyamirambo, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa miongo mingi kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na aketi na mwenzake atakayevumilia maswali. Swali letu ni moja. Mbegu 64 zinaweza kukaa ndani ya mashimo 32 kwa namna ngapi tofauti?

Hatuulizi namna zinazopendeza wala zinazotokea mara kwa mara. Tunauliza zote, pamoja na ile ya kipuuzi ambapo mbegu zote 64 zimerundikwa kwenye shimo moja la pembeni na mashimo 31 ni matupu.

Kuhesabu mpangilio mmoja mmoja hakufai, kwa sababu tutakazoziona. Kuna ujanja wa zamani. Yaondoe mashimo, uzipange mbegu zote katika mstari mmoja, na kila unapovuka kutoka shimo moja kwenda jingine weka kijiti kama ukuta. Mashimo 32 yanahitaji kuta 31 za kuyatenganisha. Kuta mbili zikigusana bila mbegu katikati, shimo hilo ni tupu. Sasa una vitu 95 kwenye mstari, yaani mbegu 64 na kuta 31, na kila mpangilio wa bao ni uamuzi mmoja tu: kati ya nafasi hizo 95, zipi 31 zikaliwe na kuta? Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma michaguo anaijua hesabu inayofuata. Unazidisha 95 × 94 × 93 na kuendelea kushuka hadi 65, kisha unagawanya kwa zao la namba zote kuanzia 1 hadi 31.

Jaribu kwenye simu. Kikokotoo cha kawaida kitakupa kitu kama 9.90058259 kikifuatiwa na e24, ambayo ni njia yake ya kusema kwamba nafasi imekiishia. Kwa matumizi mengi hilo linatosha. Kwetu halitoshi hata kidogo, kwa sababu tarakimu kilizozificha ndizo tunazozitaka. Programu ya Python, au kalamu na mchana mzima, itakuandikia namba kamili:

9,900,582,591,005,555,469,968,805

Ni tarakimu 25, septilioni tisa na ushei. Vitabu vya namna hii hupenda kusimama hapa na kushangaa ukubwa, basi tushangae mara moja tumalize. Sensa ya Agosti 2022 iliwahesabu wakazi wa Rwanda 13,246,394. Kila mmoja wao, kuanzia mtoto mchanga, akipewa bao na kupanga mpangilio mmoja mpya kila sekunde bila kulala, kazi itakwisha baada ya miaka zaidi ya bilioni 23. Ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Sasa tuuache ukubwa. Ndicho kitu rahisi kuliko vyote kusema kuhusu namba kubwa, na ndicho kinachoeleza machache zaidi. Namba ina ndani yake, na huko ndiko tunakokwenda.

Tuanze na swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeliuliza: ni shufwa au witiri? Inaishia na 5, kwa hiyo ni witiri. Jibu hilo linapita haraka, ilhali lilistahili kutushtua. Bao hili zima limejengwa kwa mbili. Wachezaji wawili, safu nne, mashimo manane kwa kila safu, 32 kwa jumla, mbegu 64. Mtu yeyote angebashiri kwamba namba inayotoka humo itagawanyika kwa mbili, na tena kwa mbili, mara nyingi. Haigawanyiki hata mara moja. Kwa nini?

Chukua mpangilio wowote, kisha lizungushe bao nusu mzunguko, upande wako uwe wa mpinzani na wake uwe wako. Umepata mpangilio mwingine. Lizungushe tena, umerudi ulikotoka. Kwa hiyo mipangilio inatembea miwili miwili, kila mmoja na mwenzi wake, na vitu vilivyoshikana viwili viwili idadi yake ni shufwa. Katika swali letu tunaweza kuvitupa vyote bila kupoteza kitu. Inayobaki ni ile isiyo na mwenzi, ambayo ukiizungusha inabaki vile vile, kwa kuwa pande mbili zinafanana shimo kwa shimo. Mpangilio wa aina hiyo unaujua wote ukijua upande mmoja tu: mbegu 32 katika mashimo 16. Idadi yake ni 751,616,304,549. Swali letu kuhusu septilioni limekuwa swali kuhusu bilioni mia saba, na jibu ni lile lile.

Sasa fanya ujanja huo huo kwenye upande mmoja. Badilisha kushoto na kulia, shimo la kwanza lichukue nafasi ya la nane, la pili nafasi ya la saba. Wenye wenzi wanaondoka, inabaki mipangilio ambayo kushoto na kulia ni sawa: mbegu 16 katika mashimo manane, namna 245,157. Rudia kwenye mashimo hayo manane: mbegu nane katika mashimo manne, namna 165. Rudia tena: mbegu nne katika mashimo mawili. Hapa tunaweza kuziandika zote bila kutoka jasho: sifuri na nne, moja na tatu, mbili na mbili, tatu na moja, nne na sifuri. Ni namna tano. Ya kwanza inashikana na ya mwisho, ya pili na ya nne. Iliyobaki peke yake ni mbili na mbili.

Ukirudi nyuma hatua zote, kutoka mashimo mawili hadi 32, utaona ni mpangilio gani hasa uliokosa mwenzi katika septilioni zile zote. Ni ule ambao kila shimo lina mbegu mbili. Wapwani wanaujua. Ndivyo linavyopangwa bao la kujifunza, lile wanaloanzia watoto kabla hawajaruhusiwa kugusa la wakubwa. Namba yetu ni witiri kwa ajili ya mpangilio huo mmoja.

Mjerumani Ernst Kummer alitoa mwaka 1852 kanuni inayofika hapo hapo kwa njia fupi zaidi. Ziandike 31 na 64 kwa uzito wa mbili: 31 ni 16 na 8 na 4 na 2 na 1, na 64 ni 64 peke yake. Zikijumlishwa hakuna uzito unaokutana na mwenzake, kwa hiyo hakuna kinachohamishiwa nafasi inayofuata, na kila panapokosekana kuhamisha, 2 haigawanyi. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa namba tasa yoyote, si 2 peke yake. Ni nzuri, na ndiyo wataalamu wanayoitumia. Mimi nabaki na bao linalozungushwa, kwa sababu lile linaniambia nani amekosa mwenzi, na Kummer ananiambia tu kwamba yupo.

Baada ya 2, tuulize zingine. Namba tasa zipi zinaigawa namba hii? Kuvunja namba ya tarakimu 25 katika vigawanyo vyake tasa kunaweza kuwa kazi ya kuumiza kichwa, lakini hii tunajua ilikotoka, na asili ya namba ni nusu ya siri zake. Ilizaliwa kwa kuzidisha namba zote hadi 95, kisha kuondoa zao la zote hadi 31 na zao la zote hadi 64. Basi kwa kila namba tasa tunahesabu tu imeingia mara ngapi na imetoka mara ngapi.

Chukua 47. Hadi 95 inaingia mara mbili, katika 47 yenyewe na katika 94. Hadi 64 imo mara moja, hadi 31 haimo. Mbili toa moja, imebaki moja. Chukua 53: imeingia mara moja, kwa kuwa 106 iko nje ya mipaka, na imetolewa mara moja. Haimo. Chukua 67: imeingia mara moja na hakuna wa kuitoa, kwa sababu 31 na 64 zote ni ndogo kuliko yenyewe. Imo, na kwa hoja hiyo hiyo zimo 71, 73, 79, 83 na 89. Chukua 7: hadi 95 kuna vigawe 13 vyake, na 49 inaileta mara ya ziada, jumla 14, hadi 31 imo mara nne, hadi 64 mara kumi. Kumi na nne toa kumi na nne. Na 2, kama unataka kuihakikisha kwa njia hii pia, inaingia mara 89 na kutoka mara 26 na mara 63, yaani mara 89 kamili.

Ukimaliza unapata hii:

3 × 5 × 11 × 13 × 17 × 19 × 23 × 37 × 41 × 43 × 47 × 67 × 71 × 73 × 79 × 83 × 89

Usiniamini kwa maandishi tu. Ipo njia ya kuzijaribu 7, 11 na 13 kwa pamoja, kwa kuwa zikizidishwa zinatoa 1,001. Kata namba yetu vipande vya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu: 805 − 968 + 469 − 555 + 5 − 591 + 582 − 900 + 9. Jibu ni 1,144 chini ya sifuri. Na 1,144 ni 8 × 11 × 13. Kwa hiyo 11 na 13 zinaigawa namba nzima bila baki, na 7 haiigawi, maana 1,144 ukiigawa kwa 7 inabaki 3. Dakika mbili, nyuma ya risiti. Jumla ya tarakimu zote 25 nayo ni 123, inayogawanyika kwa 3 lakini si kwa 9.

Katika orodha ile wamo 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, na kwa mtu aliyeko Kigali kuna jambo la kutaja hapa, ingawa linatutoa njiani. Kilomita kama 200 kaskazini mwa mji, upande wa Kongo, Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndipo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa, wenye umri wa miaka kama 20,000, ambao sasa uko Brussels. Alama zake zimepangwa safu tatu, na safu mojawapo ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Wapo walioandika kwamba wavuvi wa Ishango walizijua namba tasa. Siamini. Kuijua namba tasa kunataka kwanza uwe na wazo la kugawanya, na safu nyingine ya mfupa huo huo ina 11, 21, 19 na 9, ambazo zinafanana zaidi na 10 na 20 zilizoongezwa na kupunguzwa moja. Kukutana kwake na igisoro ni bahati tu. Lakini ni bahati nzuri kuwa nayo karibu.

Turudi kwenye orodha. Itazame tena utafute kitu ambacho hakipo. Hakuna namba iliyorudiwa. Namba tasa 17, kila moja mara moja, basi. Maana yake hakuna mraba, ukiacha 1, unaoigawa namba hii: si 9, si 25, si 121. Kwa namba iliyotengenezwa kwa kuzidisha namba 31 zinazofuatana na kugawanya kwa zingine 31, hilo ni jambo la kuangaliwa mara mbili. Miraba huingia kirahisi katika hesabu za namna hii. Paul Erdős, Mhungaria aliyeishi na begi lake nyumbani kwa watu, alibashiri kwamba namba zilizo katikati kabisa ya pembetatu ya Pascal, ukipita chache za mwanzo, zote zina mraba ndani yake, na miaka ya 1990 ikathibitishwa kuwa kweli.

Mfano ulio karibu zaidi na mchezo wetu ni awari ya Afrika Magharibi, yenye mashimo 12 na mbegu 48. Ujanja wa kuta unatoa namna 279,871,768,995 za kuzipanga mbegu hizo zote. Nayo ni witiri. Lakini igawe kwa 7, upate 39,981,681,285, kisha igawe tena kwa 7, na inakubali tena: 5,711,668,755. Ina mraba wa 7 ndani yake. Igisoro haina mraba wa aina yoyote.

Hilo la kutorudiwa lina tunda lake. Ukitaka kujua namba ina vigawanyo vingapi kwa jumla, vikubwa kwa vidogo, kwa kawaida unalazimika kufuatilia kila namba tasa imo mara ngapi. Hapa uamuzi ni mmoja tu kwa kila tasa, iingie au ikae nje. Maamuzi 17 yenye majibu mawili mawili yanatoa 2 iliyozidishwa mara 17, yaani vigawanyo 131,072. Ile mbili tuliyoikosa ndani ya namba imejitokeza tulipohesabu vigawanyo vyake, na kila kimoja cha vigawanyo hivyo 131,072 ni witiri.

Je, namba hii ina kazi yoyote? Kwa mchezaji, kidogo sana. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, alitafiti wanavyozifuata hatua za mbele kichwani bila kugusa kete, na hakuna bingwa anayebeba septilioni. Kwa kompyuta hali ni nyingine. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam, waliimaliza awari: kompyuta yenye prosesa 144 ilipitia hali 889,063,398,406 kwa saa 51 na kutoa hukumu kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Mashine hiyo hiyo kwa mwendo ule ule ingehitaji miaka kama bilioni 65 kuimaliza igisoro. Za leo zina kasi zaidi, ila pengo ni la mara trilioni kumi na moja, na kasi peke yake hailizibi.

Mtu anayeandika programu ya namna hiyo, na Kigali ina wanafunzi wa kutosha wa kazi hii tangu AIMS Rwanda ifunguliwe mwaka 2016, kitu cha kwanza atakachouliza ni kama anaweza kupunguza mzigo kwa kulizungusha bao. Kama hajali upande upi ni wa nani, mipangilio miwili inayogeuzana ni mmoja tu. Hawezi kuigawa namba yetu kwa mbili, kwa kuwa ni witiri. Lazima kwanza aiongeze ile isiyo na wenzi, 751,616,304,549, kisha agawanye, na anapata 4,950,291,295,503,153,543,136,677. Mgawanyo huo hauachi baki kwa sababu zote mbili zilizojumlishwa ni witiri.

Lakini mchezo una zamu, na zamu inabadilisha hesabu. Mpangilio ule ule ukiwa ni zamu yako si sawa na ukiwa ni zamu yangu, kwa hiyo hali za mchezo ni mara mbili ya mipangilio. Ukilizungusha bao ili mwenye zamu awe upande wa chini daima, nusu inaondoka, na safari hii hakuna anayebaki bila mwenzi, kwa kuwa zamu imezitofautisha hata pande zilizofanana. Tumerudi kwenye namba yetu ya kwanza, tarakimu zote 25, ikiwa sasa ni idadi ya hali anazoweza kuzikuta mtu anayenyoosha mkono kucheza. Zimo ndani yake zile ambazo ameshashindwa: kila shimo lake ni tupu au lina mbegu moja tu, na shimo la mbegu moja haliruhusiwi kuanzia. Upande uliokufa hivyo una mashimo 16 yenye hali mbili mbili. Ni maumbo 65,536, yote yakiwa ni mbili kuzidisha mbili tu.